Kijani cha Mchanga

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi, siku ya tatu Saskatchewan,
Metro Hrynkiw alinipa mashine ya kukata nyasi
yenye mkanda uliofungwa kwa waya.
Akasema, Wewe fundi, utaelewana nayo.
Hatujaelewana hadi leo.

Uwanja wetu wa gofu una mashimo tisa
na wanachama ishirini na sita,
ukimhesabu padri, ambaye hulipa kwa mayai.
Bomba la maji hatuna. Mvua ikigoma
nyasi hugeuka rangi ya ganda la mkate,
nasi tunacheza juu ya mkate.
Na pale paitwapo kijani, mpira unapotumbukia,
pana duara la mchanga uliokandwa kwa mafuta,
mweusi kama tako la sufuria.
Tunapaita kijani vivyo hivyo.
Jina halihitaji kumwagiliwa.

Jumamosi tunafukia mashimo ya kuchakuro,
wanaochimba pale namba saba
kana kwamba wamepewa tenda.
Tunaokota mawe: barafu huyazaa upya kila mwaka,
na hakuna anayejua baba yao.
Tanner Cardinal, miaka kumi na mitano,
anapaka vigingi rangi nyeupe,
nusu kwenye kigingi, nusu kwenye suruali.
Kibendera cha namba nne tunakisimika tena;
upepo wa huku hukiona kama tusi.

Verna Pelletier hufungua kisanduku cha bati
kilichopigiliwa mlangoni mwa kibanda.
Mali bila daftari hupotea bila habari:
methali hii sijamfundisha, lakini anaiishi.
Dizeli, themanini na nne.
Mkanda (ule ule), thelathini.
Kahawa ya mkutano, tisa.
Kisha huupuliza ukurasa
kama mtu anayepoza uji.

Mkutano wenyewe ulikuwa Machi,
chini ya kanisa, theluji ingali magotini.
Mkulima wa kanola alikuwa ametaja bei
ya ardhi yote, mashimo yakiwemo.
Hita ilikohoa. Mtu akakoroga kahawa
iliyokwisha kukorogwa.
Metro, ambaye hajashika fimbo
tangu nyonga yake ifanyiwe upasuaji,
akasimama kwa awamu mbili:
Baba yangu aliyatoa mawe hapa kwa farasi.
Kanola nikitaka kuiona, nachungulia dirishani.
Akaketi.

Mimi gofu sichezi. Ule mpira hunidharau.
Lakini waliposema mikono juu,
wangu nikaukuta huko, una grisi kwenye kucha,
umenitangulia kupiga kura.
Kumi na nne kwa tisa.
Na katika wale tisa, watano
walikuja Aprili kuokota mawe
na reki zao wenyewe, hawakueleza kitu.

Siku hizi Metro hukaa ndani ya gari,
kioo kimeshushwa, kidole nje.
Anza shimoni, anapaza sauti,
zunguka ukielekea nje. Usirudi nyuma!
Navuta chuma kizito, nazunguka, nazunguka,
mchanga unalala mistari kama santuri.
Nyayo ninazoacha, chuma kinazila.
Nikikanyaga nyasi, nageuka kutazama:
duara halijawahi kukanyagwa na mtu.
Kidole kinarudi ndani ya gari.
Hiyo ndiyo sifa yake, hana nyingine.

Jana jioni tulifungua kisanduku.
Noti tatu, kifungo cha shati,
na kikaratasi kilichochanwa kwenye mfuko wa mbegu:
Nitalipa tukivuna.
Jina hakuna.
Verna aliutazama mwandiko kwa muda,
akautambua, nikaona anautambua,
akatazama nje, kule ambako ngano
imesimama fupi kama ndevu za juzi.
Akalamba ncha ya penseli,
akakiandika kikaratasi chote, neno kwa neno,
upande wa mapato.