Ghorofa ya Tatu, Upande wa Bahari

Tumelipia bahari, tukapewa moshi.
Tangu saa kumi na moja alfajiri unapanda
kutoka roshani ya chini,
unapenya pazia, unajilaza
juu ya mto wa Yoana
kana kwamba nao umelipia kitanda.

Mwanangu ana pumu. Kifua chake
hupiga mluzi kama birika la bibi yake kule Plovdiv.
Nimeziba mlango kwa taulo bichi la kuogelea.
Nimekwenda mapokezi; binti wa zamu kanijibu,
macho kwenye kompyuta:
"Roshani si ndani, bwana. Kanuni ni ya ndani."
Moshi hausomi kanuni.

Basi nikashuka kwa hasira, ngazi mbili mbili,
maneno nimeyanoa.
Kafungua mzee Zhivko, kandambili miguuni,
sigara kaificha mgongoni kama mtoto wa shule.
Nyuma yake wajukuu watatu wamelala,
wamebanana kama dagaa koponi.
"Nawaepusha hao," akanong'ona.
"Ndiyo maana natoka nje."

Maneno yangu yakakosa pa kukaa.
Nikanyoosha kidole tu, juu, kwenye dirisha letu.
Akalitazama
muda mrefu.

Usiku ule nilimwona mchangani, peke yake,
kati ya miavuli iliyofungwa, koti juu ya pajama,
kinukta chekundu kikiwaka, kikififia.
Yoana alilala bila mluzi.
Mimi sikulala. Nilimsikiliza mzee akikohoa
kule mbali, upande wa bahari
tulioulipia.