Lehemu Tatu

Ghorofani Kirumba, juu ya duka la nyavu,
meza sita zimechongwa nusu duara,
na chini ya kila meza imening'inizwa ngozi ya mbuzi
kudaka kinachodondoka.
Fundi Nkwimba hasemi karibuni.
Anasema: onyesheni kucha.

Mwaka jana nilijifunza kuvuta waya,
kutoboa, kupiga tupa, kutunga shanga.
Nikajiita sonara.
Nikachapisha hata kadi, mia mbili,
nyingi bado zimo kabatini.

Leo ameweka mbele yangu lehemu tatu,
vipande vidogo kama magamba ya furu.
Ipi ni ipi?
Zote nyeupe, zote fedha.
(Kiswahili nacho kinatuchezea: fedha ni hii,
na fedha ni ada ya muhula ninayodaiwa.)
Nikakisia. Nikakosa.

"Hii ngumu, huchelewa kuyeyuka.
Kiungo cha kwanza kipe hii.
Cha pili, ya wastani. Cha mwisho, laini.
Ukipindua,
moto wa kuunga kipya utabandua cha zamani."
Kisha akaenda kuzima redio.

Nikabaki na koleo mkononi
nikiwaza yasiyo ya darasani:
mimi na Bugumba tulianza na laini.
Kicheko, picha ya studio, keki ya ghorofa tatu.
Kila moto uliofuata, wa mtoto, wa kiwanja, wa mama yake,
ukatuachia pale pale pa kwanza.

"Funga pazia," akasema. "Fedha husomwa gizani."

Nikafunga. Boraksi ikatokota, ikavimba,
ikatulia ikawa kioo.
Nikazungusha mwali, sikuukazia,
nikingoja wekundu wa pera lililopasuliwa,
huo tu, usipite hapo,
na lehemu ikaanza kutetemeka
kama mtu anayetaka kusema jambo.

Ndipo wadudu wa ziwa wakaingia,
wingu zima, kupitia upenyo wa pazia.
Mmoja akaangukia kiungo. Chwii.
Nikashtuka, mwali ukaganda mahali pamoja,
na kikombe cha kito, kazi ya siku nne,
kikajikunja kikawa tone.

Mhoja alicheka, halafu akaomba radhi.
Miaka kumi na tisa mashimoni Geita,
kidole cha shahada hakina ukucha,
na anashika kibano
kama anayemtoa mtoto kibanzi jichoni.
Dhahabu aliyoitoa ardhini haijui idadi;
aliyowahi kuivaa, hakuna.
Sasa anamtengenezea Limi hereni,
ilhali matundu ya Limi yamekwisha kuziba.
"Atatoboa tena," anasema, hainui macho.

Watu hutaja chanda na pete
kana kwamba vilizaliwa tumbo moja.
Hawajaona pete ikikataa kuwa duara.
Hawajaona chanda kilichoungua
kikirudi mezani kesho yake na plasta.

Fundi akalichukua tone langu,
akalipima, akaandika uzito daftarini.
"Halijapotea," akasema. "Limerudi mwanzo tu."
Akanikatia lehemu nyingine. Ile ngumu.

Saa kumi na moja tunanawa katika beseni moja.
Maji yale hayamwagwi:
hukaa pipani hadi yatulie,
tope lake likaushwe, lichomwe, litoe kilichomo.
Hata ufagio wa pale huchomwa ukizeeka.
Tukapanga foleni tena: kucha.

Usiku, nikimenya ndizi jikoni,
kitu kikamulika chini ya ukucha wa gumba,
chembe moja, ndogo kuliko chumvi.
Fundi hakuiona.
Bugumba akaingia, akauliza unaangalia nini.
Nikamwonyesha.
Akaninyanyua mkono hadi kwenye taa,
akakaa nao muda mrefu kuliko chembe ilivyohitaji.

Nikaifunga kwenye karatasi ya sigara.
Kesho nitairudisha.