Historia ya Marehemu, Nakala Nne

Jumamosi, saa tisa, darasa la kipaimara, Pasua.
Pumba za mashine ya mpunga zimeingia hadi ubaoni.
Eliakunda, mtoto asiyeuliza, leo anauliza
bila hata kunyoosha mkono:
"Mwalimu, kwa nini Injili nne? Moja ingepungukiwa nini?"

Jibu la kitabu ninalo. Nikaliacha mfukoni na chaki.

Nikawaambia: baba yangu alipofariki
nilikuwa mpiga chapa, kibanda changu nyuma ya stendi ya Moshi,
na historia yake niliiandika mara nne.

Ya kwanza, ya ukoo, kule kihambani Old Moshi.
Wale hawaulizi kama alikuwa mwema.
Wanauliza ni mwana wa nani, naye huyo wa nani,
hadi umfikie yule aliyechimba mfongo.
Ukiruka jina moja, wazee wanakohoa.
Nikaonyesha kwamba kila alichotenda
kilikuwa ahadi ya babu, ikitimia polepole.
Mathayo angenipa kiti.
Watu wake walikuwa na torati vidoleni;
huwezi kuwaletea mfalme asiye na nasaba.

Ya pili niliiandika nyuma ya risiti,
nimsomee kaka yangu Ndelilio kwa simu.
Yuko machimboni Mererani, salio langu dakika mbili.
Hapo hakuna babu wala babu wa babu.
Mara aliumwa, mara tukambeba, mara akanyamaza.
Marko naye, wanasema aliwaandikia watu wa Roma
waliolala na viatu miguuni, wakisikilizia mlango.
Wanasema. Mimi sikuwepo.

Ya tatu aliiomba mhasibu wa chama cha ushirika,
mtu wa kuja, mstaarabu, mwenye kalamu mbili:
"Niandikie kwa mpangilio, nijue nililoambiwa lina msingi."
Ikabidi nizunguke. Nikauliza kina mama wa ndizi Kiboriloni,
nikamuuliza mlinzi, nikamuuliza hata yule kijana
aliyeiba kahawa yetu, ambaye baba alimpa chai.
Ukoo haukuyajua haya. Shangazi alikasirika:
"Mwizi anafanya nini kwenye historia ya ndugu yangu?"
Luka, nadhani, aliulizwa hivyo hivyo
kuhusu wajane, na Wasamaria, na mchungaji aliyenuka mbuzi.

Ya nne ilikuja baada ya miaka mingi.
Mama akiwa haoni tena, akasema: andika.
Hakuanzia kuzaliwa kwa baba. Alianzia majini,
kabla maji hayajaitwa mto, kabla ya mgomba wa kwanza,
akasema upendo ule ulikuwapo tayari, ukimngoja mtu wa kuuvaa.
Matendo machache. Mazungumzo marefu ya usiku.
"Mengine yaache," akasema, "karatasi za Moshi nzima hazitoshi.
Sikupi habari. Nataka umwamini."
Yohana huyo, wanangu, ameketi na kikombe kilichopoa.

Ndiyo, nakala zinagombana.
Kwenye moja amekufa alfajiri, kwenye nyingine usiku.
Shangazi alitaka nizishone ziwe moja, safi.
Nilijaribu. Akatoka baba wa picha ya pasipoti,
masikio yote mawili yanaonekana, na hakuna mtu ndani.
Nikaichana.

Eliakunda hajaridhika. Anakuna mguu.
"Ile ya simu, Mwalimu. Iliishaje?"

Haikuisha.
Nilikuwa nasema, mama na shangazi wameingia chumbani asubuhi,
wametoka wanakimbia, hawasemi na mtu, wanaogopa, kwa sababu—
na salio likakata.

Alitembea, akadandia lori la mchanga, akatembea tena.
Akafika mlangoni kwetu na tope la machimbo magotini,
hakusalimu mtu, akaniambia:
"Malizia."