Jiwe la Figili

Wengi huniletea meno ya mbwa.
Huniletea masizi ya tanuri, kipande cha saruji,
na mara moja kitasa cha mlango kilicholiwa na kutu
ambacho mwenyewe aliapa ni jicho la joka.
Kazi yangu ndiyo hiyo: kuvunja watu moyo kwa adabu,
hapa kwenye makumbusho ya mji uliofungiwa mgodi wake,
Hokkaido, ghorofa ya chini, karibu na hita.

Jumanne ya mwisho ya Oktoba akaja Bi. Tokie Murakoshi.
Alikuwa analisukuma kwenye kigari cha mtoto mchanga,
limefungwa kitambaa cha zambarau, mafundo mawili.
Kwanza ilitoka harufu:
chumvi, pumba za mpunga, uchachu wa miaka arobaini.
Kisha jiwe.
Duara, zito, la kijivu, kubwa kuliko kichwa cha mtu,
kichwa cha aina ile isiyosikia ushauri.

"La kukandamizia figili," alisema.
"Gensaku alilitoa mtoni mwaka walipofunga shimo la tatu.
Alirudi na kiinua mgongo mfukoni
na hili mgongoni.
Akaniambia, humu ndani kuna kitu kimelala.
Nikamwambia, vizuri, kilale juu ya pipa langu."

Nikawasha taa. Nikachukua lenzi.
Nikaligonga kwa kifundo cha kidole; halikuitika.
Nikalidondoshea siki: likatoa povu jembamba,
kama mtu aliyetaka kusema akakumbuka yuko ugenini.
Nikalilamba. Ndiyo, huwa tunalamba:
mfupa wa kale hung'ang'ania ulimi, jiwe tupu huuachia.
Hili lilikuwa na ladha ya achari.
Bi. Tokie alicheka mpaka akashika meza.

Lakini upande mmoja, ambako maji ya chumvi
yamekuwa yakitafuna kila kipupwe tangu mumewe yu hai,
kulikuwa na mistari.
Saba, labda nane, imepinda pamoja
kama matuta ya shamba lililolimwa kilimani,
kisha ikazama, yote kwa mpigo,
chini ya ngozi ya jiwe.

Nikamweleza: huenda ni kisukuku.
Mnyama wa bahari, gamba limejisokota kama pembe ya kondoo,
aliyezama kabla mlima huu haujapewa ruhusa ya kuwa mlima.
Au huenda ni nyufa tu, matope yaliyokauka vibaya.
"Huenda," alirudia, kama anayepapasa kitambaa dukani.
"Wewe umesomea huenda?"
"Miaka sita," nilisema.

Njia ya kujua ilikuwa moja. Nikaiweka mezani: nyundo.

Hakuitazama. Alitazama dirisha;
theluji ya kwanza ilikuwa inajaribu, inayeyuka, inajaribu.
"Figili zangu themanini zinaning'inia upenuni," alisema,
"zimeshalegea, zinapindika bila kukatika.
Kesho zinaingia pipani. Ukilivunja nitazikandamizia nini?
Jibu lako?"

Akafunga fundo la kwanza. Kwenye la pili akasita.
"Gensaku naye hakulivunja.
Na nyundo alikuwa nazo tatu."

Kwenye daftari, safu ya jina la kitu,
niliandika kisukuku, nikafuta,
nikaandika jiwe, nikafuta,
mpaka karatasi ikatoboka.

Machi aliniletea bakuli kwa mkono wa dereva wa basi.
Figili za manjano, vipande vyembamba, baridi.
Nilikula nimesimama, karibu na hita,
na kipande cha nne kikanipa punje chini ya jino,
ngumu, ndogo kuliko ufuta.
Chumvi huyeyuka. Nikasubiri.
Haikuyeyuka.
Nikaitema juu ya karatasi nyeupe,
nikavuta taa,
nikaanza kutafuta lenzi.