Chumvi Inashuka Ngazi

Dalali aliapa: "Ghorofa ya kwanza, hakuna kupanda."
Kweli. Nikafungua dirisha la jikoni nitupe macho uani,
nikaona mapaa ya watu, na chini ya mapaa, mapaa,
na huko chini kabisa mto, umekonda kama uzi.
Chongqing ndivyo ilivyo: mlango wa mbele barabarani,
wa nyuma mawinguni.
Siku ya kwanza nilitoka kutafuta mkate,
nikaingia lifti, nikabonyeza kwa kubahatisha,
nikatokea kwenye stesheni ya treni.

Siku ya pili nilihitaji chumvi.

Kitabu changu cha lugha kilisema: neno ni *yan*,
sauti ipande, kama mtu aliyeshtushwa na bei.
Nikapanda nayo. Mama Xiang, mwenye duka,
akanitazama kama daktari,
akanipa pakiti ya sigara.
Akaniongezea na kiberiti.
Sijavuta tangu nizaliwe,
lakini nililipa. Simu ikalia *ti!*, pesa ikaenda
bila hata kuagana,
nami nikasema asante, maana hilo neno nalijua.

Supu ya siku ile ilikuwa chapwa.
Kesho yake nikarudi, nikapandisha zaidi,
mpaka mishipa ya shingo ikanisimama.
Sigara. Safari hii za bei kali;
alidhani zile za jana zimeniudhi.

Getini kwetu hukaa Mzee Pu, mlinzi,
na chupa yake ya chai, majani mengi kuliko maji.
Kila nikipita huniuliza, "Umekula?"
Wiki nzima nilimjibu kwa kirefu:
nimekula nini, saa ngapi, na kwamba hakikuwa na chumvi.
Kumbe ni salamu tu!
Ni kama mtu akuulize habari za nyumbani
umwonyeshe bili ya umeme.

Nikampa zile sigara. Akanusa moja, akaipachika sikioni,
na tangu hapo mimi ni wa ukoo.
Nikikohoa: kunywa maji moto.
Mgongo ukiuma: maji moto.
Nilipopata simu kwamba mchumba wangu kaolewa na mwingine,
hakusema kitu, alinimiminia kikombe kinachofuka mvuke,
Julai hiyo, lami inayeyuka.

Nikiri: yalisaidia.

Mama Xiang huuza mchana kutwa ndani ya pajama
zenye picha za bata.
Saa moja jioni huvaa viatu vyekundu,
na wenzake arobaini hujaza uwanja, spika inanguruma.
Nilisimama kando nitazame. Wakaniburuta mstari wa nyuma.
Wao kushoto, mimi kulia,
na bibi wa miaka themanini akanishika kiuno, akakinyoosha,
kama anayenyoosha picha ukutani.

Aliyenizibua masikio ni Ruoxi, mjukuu wa dukani,
miaka sita, meno ya mbele likizo.
"Wewe unapanda," akasema. "Kwetu chumvi inashuka."
Akashuka ngazi, kidato kwa kidato,
*yan*, *yan*, *yan*,
sauti ikizama kooni kama jiwe kisimani.
Nikashuka naye.
Mji mzima wa kupanda mpaka magoti yanalia,
na kitu pekee kinachoteremka
kitabu changu kilikuwa kinakipandisha!

Nikapata chumvi. Kilo nzima. Mama Xiang akapiga makofi,
wateja wakageuka kuona nani kashinda nini.
Usiku ule supu ilikolea, nikakomba sufuria.

Asubuhi, getini.
"Umekula?"
"Nimekula."
Mzee Pu hakuniondolea macho. Sikio lake lilikuwa tupu.

Nikageuka, nikapanda vidato vyote kurudi dukani,
nikavuta pumzi, nikainua shingo,
nikakosea kwa ufasaha.