Pale Sindano Iliporuka

Mwaka ule Jinja ilikosa chumvi, ikakosa sabuni,
sukari ikawa hadithi, na miwa imesimama palepale Kakira.
Umeme tu haukuadimika. Bwawa lilikuwa letu,
na maji hayajui magendo.

Basi Tibenkana, dereva wa lori, akarudi kutoka Nairobi
na katoni tatu za sabuni, na chini ya sabuni
santuri moja ndogo, upana wa kisahani cha chai.
Akasema: huu ndio wimbo wenyewe,
dunia nzima inaucheza.

Dunia nzima ilikuwa chumbani kwa Nangobi, Walukuba.
Watu kumi na tisa. Kitanda kimetolewa uani,
blanketi limetundikwa dirishani ili taa isituseme.
Mimi nimevaa bugaluu
iliyoshonwa kwa pazia waliloliacha Wahindi,
maua makubwa ya manjano hadi kwenye visigino.

Ngoma yake ilikuwa moyo wa mtu aliyepanda ngazi mbio,
du, du, du, du,
haimezi mate, haina haya.
Halafu fidla, kama mtu amemwaga ndoo ya shaba.
Mwanamke akaimba Kiingereza; nusu hatukuelewa,
nusu nyingine tukajitungia.

Mara ya saba, teke mlangoni.
Sindano ikaruka:
krrp.

Kiswahili chao tulikijua.
Ndicho hiki hiki ninachokuandikia,
ila siku zile kilikuwa lugha ya kulala chini kifudifudi.
Nani mwenye kelele? Sabuni ya nani?
Walibeba sabuni.
Walimbeba Tibenkana, kiatu kimoja cha raizoni
kikabaki kizingitini, kimesimama wima.
Askari wa mwisho, kijana tu, alichelewa kutoka.
Sahani ilikuwa bado inazunguka
na kichwa chake kilikuwa kikitikisika bila idhini yake.

Tibenkana hakurudi. Sina namna nyingine ya kulisema.

Santuri tuliendelea kuipiga. Mtatulaumu.
Kila Jumamosi, sauti chini, na kila mara
katika ubeti wa pili sindano ilifika kwenye kovu
ikaliruka neno.
Tukajifunza kuruka nayo:
mguu wa kushoto juu, pumzi, chini.
Hakuna aliyetufundisha. Hakuna aliyecheka.

Mwaka jana, arusini Iganga,
kijana mmoja aliupiga ule wimbo kutoka kwenye simu.
Mzima. Msafi kama sahani ya mgeni.
Na lile neno limo, nimelisikia kwa mara ya kwanza
tangu usiku ule,
neno dogo tu, la kujazia,
halina hata maana.

Mguu wangu wa kushoto ukapanda wenyewe.

Ng'ambo ya hema, bibi mmoja wa gomesi ya zambarau,
sahani ya pilau mkononi, simkumbuki sura,
mguu wa kushoto juu,
pumzi,
chini.

Wawili, nikahesabu.
Nikaanza kuwatafuta wengine kwa miguu.