Haikuwa na Mfano

Kidawa alitangulia kukisoma, mimi nikafuata,
kitabu kile kile kisicho na jalada,
kinachoanzia ukurasa wa kumi na tisa
kwa kuwa zile kumi na nane za mwanzo
zilifungiwa bajia kabla hatujazaliwa.

Ndani yumo Tamasi, mlinda chumvi,
aliyeshuka pango chini ya pango
akalinyima usingizi joka la vichwa vitatu
kwa kulitegea vitendawili, kila kichwa na chake.
Mwalimu wa jiografia alipotupeleka Amboni
wenzetu walipiga kelele kuamsha popo;
sisi tulivua viatu.

Mwandishi, Mungu amsamehe, alikuwa bahili.
Alitupa pete, sikio la kushoto peke yake.
Alitupa mwendo: kama aliyejitwika maji ya watu.
Kisha akafunga mkono kwa maneno matano:
sura yake haikuwa na mfano.

Leo Jumamosi, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
kwa Mngoya, ubavuni mwa fundi baiskeli,
tumechanga mia tano tano, saa nzima ni yetu,
na kompyuta inauliza: shujaa wako afananeje?
Inayo mifano arobaini ya nyuso.

Arobaini!
Kidawa alicheka hadi Mngoya akakohoa.

Nilishika kipanya mimi kwanza.
Nikamrefusha. Nikampa shingo, nyusi za wino.
Rangi niliivuta polepole, toka maziwa
hadi chai ya maziwa, hadi kahawa,
hadi kahawa ya kibao cha Msambaa mmoja
pale stendi, isiyojua maziwa ni nini;
hapo kishale kikagota ukutani,
mwisho wa weusi wanaoujua wao,
na Tamasi alikuwa bado hajafika.

"Nani huyo?" Kidawa akauliza. "Bibi harusi?"
Akaninyang'anya. Wa kwake alikuwa mfupi,
amejaa mapaja, ana mwanya,
ana makovu ya ndui yanayopanda shavu.
"Mtu kalinda chumvi miaka mia,
midomo itakuwaje laini? Fikiri, Shebe."
Kichwani alitaka twende kilioni;
ikampa mkia wa farasi, aina tisa.

Nikasema, huyo si yeye.
Akasema, wako ndiye si yeye.
Tulisoma mkeka mmoja, koroboi moja,
yeye akilamba kidole kugeuza, mimi nikimgombeza,
kumbe miaka yote hiyo wanawake wawili
walikuwa wakipishana katika ukurasa mmoja
bila hata kupeana salamu.

Niliumia kidogo. Sikusema.
Nilitaka kumuuliza joka lake lina rangi gani
nikaogopa.

Tukaja kwenye pete. Mashine inatoa jozi tu:
huwezi kuvalisha sikio moja, ukigusa la kushoto
la kulia nalo linang'aa, kama kuchekana.
Hapo tulikasirika pamoja,
sauti moja, hadi fundi wa nje akachungulia
na spana mkononi kuona nani anapigwa.

"Dakika nane," alisema Mngoya.

Basi tukamvika kofia ya chuma,
ile nzito, inayofunika uso wote,
tundu mbili za macho na ufa wa kupumulia.
Chini yake tuliacha mfano wa kwanza,
wa mashine yenyewe, hatukuugusa.
Mwendo tukachagua wa taratibu.
Kidawa akasema: ndiye. Nikasema: ndiye.

Tangu hapo kila Jumamosi anashuka na sisi.
Kidawa anapiga, mimi nalinda mgongo.
Tatizo ni joka: likimpata vizuri
kofia inaruka, inabingirika hadi kwenye maji,
na kuiokota huchukua sekunde sita.

Kwa hizo sekunde sita tunatazama mlangoni.
Daima pana baiskeli imelazwa miguu juu,
gurudumu linazunguka, halina aliyelipanda,
na fundi ameinama akisikiliza kama linakwaruza.
Tunasubiri mlio wa chuma kurudi kichwani,
ndipo tunageuka.